Kiroba Kimelala Getini Wiki ya Pili: Namna ya Kujua Taka za Dar Zimekwama Wapi

Taka zikilala getini siku kumi, mtaani kwetu husikii ila kauli moja: "Hawa watu wa taka ni bure kabisa." Nimekuwa kwenye kamati ya usafi ya mtaa kwa miaka sita na nimeisikia kauli hiyo mpaka nimeizoea. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi, ukifuatilia, unakuta gari limenasa kwenye tope, au mkataba umekwisha na hakuna aliyeambiwa, au kiroba chenyewe kimejaa mchanga kiasi kwamba vijana wawili hawakiinui.

Kiroba cha Dar es Salaam hupita mikono mingi. Kinatoka jikoni, kinakaa uani, kinabebwa na kijana wa guta au toyo, vile vyombo vya mizigo vya magurudumu matatu, kama uchochoro ni mwembamba, kinamwagwa mahali gari linapofika, kisha gari linakipeleka dampo la Pugu Kinyamwezi. Kila mkono una namna yake ya kukwama, na kila namna ina dalili zake. Ukizisoma dalili utajua wa kumwendea, badala ya kumfokea kijana wa guta ambaye hata mshahara wake wa mwezi uliopita huenda hajaupata.

Gari halijaja

Anza na swali hili: halijaja kwako, au halijaja mtaa mzima? Piga hodi kwa jirani wa kushoto na wa kulia, halafu tazama mageti matatu mbele.

Kama ni kwako tu, gari lilipita. Labda lilipita saa nne asubuhi geti likiwa na kufuli na wapangaji wote wako kazini. Labda nyumba yako haimo kwenye daftari la mkandarasi, jambo la kawaida sana kwa nyumba mpya au nyumba iliyokaa tupu muda mrefu. Au mnadaiwa. Nyumba yenye wapangaji sita ina ugonjwa wake: kila mmoja anaamini mwenzake ndiye aliyelipa, mwenye nyumba anaamini wapangaji wamelipa, na kwenye daftari kuna miezi minne mitupu. Muulizeni anayekusanya ada awaonyeshe ukurasa wenu. Ugomvi mwingi huishia hapo.

Kama ni mtaa mzima, tazama mtaa wa pili unaohudumiwa na mkandarasi mwingine. Nao wamekwama? Basi tatizo liko mbele zaidi, njiani au dampo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na dampo kuu liko Pugu, pembezoni kabisa mwa jiji. Gari la Bunju au Boko linakatiza jiji zima kulifikia. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli za mwisho wa mwaka, barabara ya ndani ya dampo huwa tope, magari hunasa na foleni hurefuka. Gari lililokuwa likienda safari mbili kwa siku linaenda moja. Ile safari iliyokufa ndiyo iliyokuwa ya kwenu, hasa kama mtaa wenu uko mwishoni mwa ruti. Hapo hata ukipiga simu kumi hupati gari. Unachoweza kupata ni ahadi ya siku, na unachoweza kufanya ni kupunguza kinachooza kwenye kiroba, kama nitakavyoeleza chini.

Mitaa mingine ikizolewa na wenu hauzolewi, tatizo ni la mkandarasi wenu. Hapa dalili ninayoiamini kuliko zote ni kasi ya kuharibika kwa huduma. Ikikatika ghafla, jana ipo leo haipo, ni gari bovu au mkataba. Ikififia polepole, kutoka mara mbili kwa wiki hadi mara moja, kisha siku kumi, kisha "tutakuja", ni fedha. Wakandarasi wengi wanaendesha magari kwa ada wanayoikusanya mitaani. Nyumba nyingi zikiacha kulipa kwa sababu huduma ni mbovu, dizeli inapungua, huduma inazidi kuwa mbovu, na wengine wanaacha kulipa. Mzunguko huo nimeushuhudia ukiua huduma ya mtaa mzima kwa miezi mitano.

Kutofautisha gari bovu na mkataba ulioisha ni rahisi kuliko unavyodhani. Mtu wa kudai ada anakuja? Kama anakuja na gari haliji, gari ni bovu au limepelekwa kwingine. Kama hata mdai haji, mkataba umekwisha. Hakuna mkandarasi mwenye mkataba anayesahau kudai.

Dawa ya gari bovu ni kuomba mkandarasi alete gari la kukodi, hata kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na ombi lipitie kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ili lisiwe malalamiko ya mtu mmoja. Dawa ya mkataba iko halmashauri, sio kwa mkandarasi: ofisi ya mtendaji wa kata itajua nani amepewa eneo na anaanza lini. Dawa ya fedha ni mkutano wa mtaa, mkandarasi awepo, daftari liwekwe mezani, ihesabike nyumba ngapi zinalipa. Mkutano wetu wa namna hiyo uliisha kwa aibu kidogo, maana miongoni mwa majina yenye deni lilikuwamo langu.

Limekuja, limeacha kiroba changu

Sababu kubwa ni uzito, na uzito huo mara nyingi ni mchanga. Kila alfajiri Dar inafagiwa. Uwanja unachorwa mistari ya fagio, majani ya mwembe yanakusanywa, na pamoja nayo unakuja mchanga, kilo kwa kilo, mpaka ndani ya salfeti. Salfeti ya taka za jikoni ubavuni mwa kijana mmoja inainuka. Salfeti ya mchanga wa uani, tena uliolowa, inapasuka mshono mtaani na kila mtu anaudhika. Chekecha majani kwa reki, mchanga uurudishe chini ulikotoka. Ulikuwa mchanga wako.

Sababu ya pili ni aina ya taka. Vifusi vya ujenzi, vipande vya vigae, matawi ya mti uliokatwa, godoro: ada ya mwezi haivigharimii hivi, na vijana wana haki ya kuviacha. Kodi kirikuu, na kabla hakijaondoka muulize dereva anavimwaga wapi. Akikujibu "usijali, mama", jali. Kifusi cha watu wa aina hiyo ndicho kinachokutwa kesho yake kimeziba mfereji.

Ya tatu ni chupa iliyovunjika. Kijana aliyekatwa kiganja kwako wiki iliyopita hatashika tena kiroba chako, na simlaumu. Funga vioo kwenye boksi au uviweke ndani ya kopo la rangi lenye mfuniko, umwonyeshe.

Nimelipa, nadaiwa tena

Dar es Salaam ilianza kukabidhi uzoaji kwa mkandarasi binafsi mwaka 1994 katika kata za katikati ya mji, kisha mfumo ukasambaa. Tangu hapo anayezoa na anayesimamia ni watu wawili tofauti, na ada inaweza kupita njia tofauti kutegemea halmashauri. Kuna mahali unalipa kwa namba ya malipo ya serikali, ile ndefu inayoanza na 99. Kuna mahali mkusanyaji anakuja na mashine ya kutoa risiti. Kiwango kinawekwa na sheria ndogo za halmashauri, kwa hiyo rafiki yako wa Kigamboni akikutajia anacholipa hakikusaidii wewe wa Temeke. Uliza ofisi ya mtaa, wanacho.

Ukidaiwa mara mbili, angalia risiti ya kwanza. Ina jina la halmashauri, mwezi na namba ya nyumba? Kama ni kikaratasi cha mkono chenye saini iliyopinda, huenda ulimlipa mtu aliyekuwa na kazi hiyo mwaka jana na kuacha kazi hakukumfanya aache kukusanya. Mwaka mmoja mtaa wetu uliliwa namna hiyo miezi miwili mfululizo na kijana mpole mwenye fulana ya kampuni. Fulana alibaki nayo.

Na wale wanaosema "silipi mpaka wazoe": nawaelewa, lakini deni la taka haliondoki kwa kunyamaza. Andika barua fupi kwa mtendaji wa mtaa ukitaja tarehe ambazo gari halikuja, ubaki na nakala yenye mhuri. Mwenye barua anasikilizwa tofauti na mwenye hasira.

Uvundo, funza, kunguru

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naamini nusu ya shida za taka za Dar zingepungua kama tungekubali jambo moja: tatizo letu ni maji. Zaidi ya nusu ya taka za nyumba zetu ni za jikoni: maganda ya ndizi na viazi, mashina ya mchicha, machicha ya nazi, mapezi na matumbo ya samaki, wali uliochacha. Hivyo vina maji, na maji ndiyo uzito, ndiyo uvundo, ndiyo yanayovuja kwenye guta na kuacha mstari mweusi mtaa mzima. Pia ndiyo yanayolowesha karatasi na maboksi yako mpaka hakuna mnunuzi anayeyataka.

Ukiona funza, hesabu siku. Kwa joto letu yai la nzi linaanguliwa ndani ya siku moja, na funza anakua kabla ya wiki kuisha. Kwa hiyo gari la kila wiki, likichelewa siku tatu tu, tayari limekukuta na kizazi kipya cha nzi. Dawa si kumwagia dawa ya mbu. Weka ndoo mbili. Ya jikoni iwe na mfuniko unaobana, na kabla ya kutia kitu chuja maji kwanza. Matumbo ya samaki na utumbo wa kuku yafunge kwenye gazeti, uyatie siku ya gari yenyewe. Mwenye friji huyagandisha mpaka siku hiyo. Shemeji yangu alinicheka nilipoanza, sasa anafanya hivyohivyo. Nyunyiza maranda ya fundi seremala au majivu ya mkaa juu ya kila tabaka. Maranda hunyonya, majivu hukausha, na vyote viwili unapewa bure.

Halafu tafuta mlaji. Maganda ya ndizi na viazi yana mbuzi wa jirani. Ukoko na wali wana kuku. Ukiwa na kipande cha uwanja, chimba shimo la goti, tia taka mbichi, funika kwa majani makavu na udongo kila unapotia, na baada ya miezi michache una mboji ya kutilia mchicha. Likinuka, limezidi maji na limepungukiwa majani makavu. Likivutia panya, umetia nyama. Kinondoni wana kiwanda cha kutengeneza mboji huko Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na Hamburg, mji dada wa Dar es Salaam tangu 2010, kwa hiyo wazo si la kijijini wala la kizamani.

Kunguru ni kipimo kizuri. Hawa weusi wa shingo ya kijivu asili yao India. Waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, wakaingia bara, na hawana nia ya kurudi. Kunguru hapasui kiroba cha karatasi na chupa. Akipasua chako, kuna chakula ndani. Mbwa hivyohivyo, ila yeye huja usiku, na viroba vikipasuliwa usiku dawa ni kuvitoa asubuhi ya siku ya gari badala ya jioni ya kuamkia.

Nimetenganisha, wao wanachanganya

Malalamiko haya hunijia zaidi kutoka kwa waliosoma au kuishi Ulaya, na nawapa pole. Umeosha chupa, umekunja maboksi, umeweka viroba vitatu vya rangi tatu, gari limekuja na kuvitupa vyote kwenye tumbo moja. Si ukorofi. Mkandarasi wako analipwa kuzoa, gari lake lina chumba kimoja, na kule Pugu kuna kumwaga tu, na watu wanaochambua juu ya lundo kwa mikono yao.

Urejelezaji wa Dar una njia nyingine, na wewe umeiona maisha yako yote: ni yule mwenye kiroba kikubwa mgongoni anayeokota chupa, na yule wa mkokoteni wa vyuma chakavu. Nyuma yao kuna mizani mtaani, nyuma ya mizani kuna mnunuzi mkubwa, nyuma yake kuna mashine ya kusaga. Ukitaka kutenganisha kwako kuwe na faida, usimpe wa gari. Mpe wa mizani.

Kama anakataa vitu vyako, sababu hazizidi chache. Chupa za maji na soda zenye mabaki ndani zinampa uzito wa uongo na nzi wa kweli. Mimina, bana, rudisha kifuniko. Chupa safi zisizo na rangi zina soko kuliko za rangi, kwa hiyo ukizichanganya anakupa bei ya chini. Madumu, ndoo na viti vilivyovunjika ni plastiki ngumu, vinapimwa peke yake. Maboksi yakae makavu. Makopo ya aluminiamu ukiyakusanya hayakosi mteja. Chupa za bia na soda za vioo zina dhamana yake kwenye kreti, zirudishe dukani. Nailoni za kufungia mkate, vifuko vya sabuni, vikombe vya mtindi: hapa mtaani kwetu sijapata anayevitaka, na ni afadhali nikwambie hivyo kuliko uvitunze mwaka mzima. Mifuko ya rambo angalau ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na mifereji yetu ilishukuru.

Kama una chupa nyingi lakini hujui wa kumpa, mkabidhi mwokotaji mmoja siku moja ya wiki, ileile kila wiki. Kwetu anakuja mama mmoja kila Jumatano saa moja. Hajawahi kukosa, mvua au jua, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu gari.

Dampo bubu limeota kwenye kona

Asubuhi moja kuna viroba viwili chini ya nguzo ya umeme, Ijumaa viko ishirini. Kabla ya kuweka kibao cha "MARUFUKU KUTUPA TAKA", ambacho kwa uzoefu wangu huonyesha tu watu mahali pa kutupa, soma lundo lenyewe. Pampasi na maganda ya vitunguu: ni nyumba za jirani ambazo hazizolewi, rudi mwanzo wa mwongozo huu. Maganda ya machungwa, magunzi, mkaa uliokwisha: ni wafanyabiashara wa jioni, na wanahitaji pipa na mtu wa kulipwa kulimwaga, maana wao hawamo kwenye daftari la nyumba. Lundo kubwa lililotokea usiku mmoja, viroba vya aina nyingi, mistari ya magurudumu matatu: ni guta linalokwepa mwendo wa kufika kwenye gari. Hapo kamera ya simu saa kumi alfajiri inasaidia.

Likiwa kando ya mfereji, angalia kama lundo hukua wingu la mvua linapotanda. Wako wanaosubiri wingu ili wamwage, maji yabebe. Maji yanabeba kweli, mpaka mto Msimbazi, mpaka bonde la Jangwani, kisha habari za mafuriko zinatangazwa nasi tunashangaa.

Dampo la kudumu karibu na makazi ni kesi nyingine, na ina historia. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Joseph Kessy na wenzake, waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya dampo lililokuwa likifuka moshi na uvundo kwenye makazi yao. Mahakama Kuu ilikubaliana nao. Jiji likarudi kuomba muda, lakini Tabata ya leo haina dampo lile. Wanasheria wa mazingira bado wanaitaja kesi hiyo.

Vitu visivyo na mwenyewe

Pampasi zikunje, zifunge, zitie kiroba cha siku ya gari; zikitupwa chooni zitaziba shimo na utamlipa mwenye gari la kunyonya choo. Sindano za mgonjwa wa kisukari ziweke kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, uulize zahanati kama watazipokea wazichome kwenye tanuri lao. Betri za simu usizichome kabisa, zinalipuka. Mafundi simu wengine huzikusanya.

Na moto kwa jumla: najua, gari halijaja na kiberiti kipo. Plastiki inayoungua kwenye moto mdogo wa uani hutoa moshi wenye sumu, na anayeuvuta wa kwanza ni mtoto wa chumba cha nyuma.

Ukishaijua sababu, nani aambiwe

Anza kwa mjumbe wako, kisha mwenyekiti wa mtaa, kisha mtendaji wa mtaa. Suala la kiafya, kama maji ya taka yanayotiririka au dampo bubu, mpelekee afisa afya wa kata. Juu yao ni idara ya usafi ya halmashauri yako, na hakikisha unaijua: walio Ilala sasa wako chini ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam tangu 2021, Sinza na Manzese ni Ubungo, si Kinondoni tena. Nimeona barua nzuri ikizunguka wiki tatu kwa sababu ilipelekwa manispaa ya zamani.

Nenda na vitu vitatu: tarehe ambazo gari halikufika, picha, na risiti ya mwezi huu. Hiyo ya tatu ndiyo wanayoiomba kwanza.